Mwendo wa Pole Pole kwa Mwenye Maradhi ya Matumbo

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, aliyekuwa Mwekahazina wa Chama, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri.



Wengi wenu mmezoea kuniona nikisimama mahali hapa na daftari la hesabu mkononi, nikitaja majina ya waliolipa na ya wasiolipa. Leo sikuja na daftari. Bwana Katibu ameniomba nizungumze juu ya afya, na mimi si tabibu. Nilikuwa karani tu hapa Mombasa mpaka nilipostaafu. Basi nitasema juu ya jambo moja ambalo nimejifunza kwa mwili wangu mwenyewe, na kwa kuwauliza madaktari walionitibu: namna mtu mwenye maradhi ya matumbo yasiyopona anavyoweza kuutembeza mwili wake pole pole, asiwe mfu kabla ya siku yake.

Najua kwamba habari za tumbo na choo si mazungumzo ya hadhara. Wazee wetu walitufunza staha, na staha ni jambo jema. Lakini wazee hao hao walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Nitajitahidi kushika yote mawili, staha na ukweli. Na pale nitakapokosea kimoja, naomba radhi mapema.

Nianze na deni langu. Mwaka 2012 nilikuwa Mwekahazina wenu. Katika mwaka huo ndugu yetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, hakufika mazishini mara tatu. Sheria zetu mnazijua: asiyefika bila udhuru hutozwa faini. Nilimwandikia faini mara ya kwanza, nikamwandikia ya pili, na ya tatu nilimsomea mbele ya mkutano, watu wakacheka kidogo. Yeye alilipa zote kimya, wala hakutoa udhuru wowote. Mwaka uliofuata tulimsafirisha yeye mwenyewe kwenda kuzikwa kwao. Ndipo mkewe alipotueleza kwamba alikuwa akitokwa na damu haja kubwa zaidi ya mwaka mmoja, na kwamba alikataa kupanda basi la mazishi kwa kuogopa aibu ya njiani. Alipokwenda hospitali, ilikuwa saratani ya utumbo mpana, nayo ilikwisha kuenea. Mama huyo yumo humu ukumbini leo. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusema maneno haya, naye alinijibu, "Sema, ili mwingine asilipe faini kama ile."

Mwaka 2014 ikawa zamu yangu. Nilianza kuendesha, kisha nikaona damu. Mara nane, mara kumi kwa siku, usiku sikulala. Nilifanya kama wafanyavyo wengi: nilinunua dawa dukani. Mmoja aliniambia ni amiba, mwingine akasema ni homa ya matumbo, na watu wote mtaani walikubaliana kwamba ni vidonda vya tumbo. Nilipoumwa na viungo nilimeza vidonge vya maumivu, nikazidi kuharibika. Nilikonda hata suruali zangu zikawa kama za kuazima. Baada ya miezi saba daktari mmoja alinipitishia mpira mwembamba wenye kamera, akachukua vipande vidogo vya nyama ya utumbo kwenda kupimwa. Jibu likaja kwamba nina ugonjwa unaoitwa kolitisi ya vidonda.

Hapa naomba nieleze kidogo, maana majina haya huchanganywa sana.

Vidonda vya tumbo tunavyovijua sote hukaa katika tumbo lenyewe la chakula, au mwanzo wa utumbo mwembamba. Zamani vilisemwa kuwa ni matokeo ya fikira nyingi na pilipili. Lakini madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walithibitisha kwamba vingi vyao huletwa na bakteria. Marshall alifika hata kuwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili watu waamini, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vya namna hiyo mara nyingi huweza kupona kabisa kwa dawa za majuma machache.

Kolitisi ya vidonda ni jambo jingine. Huu ni uvimbe wa ngozi ya ndani ya utumbo mpana. Huanzia mwisho wa njia ya haja na kupanda juu. Unaye ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Huo huweza kushika mahali popote tangu kinywani hadi mwisho wa njia, na huingia ndani zaidi. Katika magonjwa haya mawili askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, huushambulia utumbo wenyewe, kama mlinzi wa usiku anayempiga mwenye nyumba. Hayaambukizi. Hayaletwi na uchawi wala husuda. Hutulia kwa miezi au miaka, kisha huamka tena. Yapo maradhi mengine yanayofanana nayo kwa dalili, kama kuhara damu kwa amiba na kifua kikuu cha matumbo. Ndiyo maana haifai mtu kujipimia mwenyewe dukani.

Zamani shambulio kali la kolitisi liliua watu wengi. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walitangaza matokeo ya kuwajaribu wagonjwa 210, nusu wakipewa dawa ya kotisoni na nusu bila hiyo, na ikaonekana wazi kwamba dawa hiyo iliwaokoa wengi. Tangu hapo dawa zimeongezeka. Lakini dawa za namna hiyo, steroidi, zikitumiwa muda mrefu hulegeza mifupa na kuipunguza nyama ya miguu. Basi mgonjwa hupona damu akabaki na mwili uliochakaa. Na hapo ndipo ninapoingia katika somo langu.

Nilipotoka hospitali nilikaa. Nasema nilikaa kwa maana yake halisi: kitandani, kisha kitini, kisha kitandani. Nyumbani walinihurumia, maji nililetewa, viatu nilivuliwa. Wageni waliokuja kunijulia hali waliniambia, "Pumzika, mzee, usijisumbue." Maneno yale yalikuwa ya upendo, wala siwalaumu. Lakini baada ya miezi minne ya kupumzika sikuweza kupanda ngazi tano za mlango wangu bila kushika ukuta. Nililala mchana nikakesha usiku. Moyo ulikuwa mzito, nami nikawa mtu wa hasira kwa watoto. Nilimwambia daktari kwamba ugonjwa unarudi. Alinipima, akaniambia, "Utumbo wako umetulia. Anayeumwa sasa ni miguu yako."

Akanipa dawa ambayo haikunigharimu hata senti: nitoke mlangoni, niende hadi nguzo ya kwanza ya stima, kisha nirudi. Basi. Kila siku, kwa juma moja. Juma la pili, nguzo ya pili.

Wazee wangu, niliona haya. Mtu mzima aliyekuwa akitembea toka Majengo hadi Kilindini kwenda kazini, leo anapongezwa kwa kufika kwenye nguzo ya stima! Watoto wa jirani walinihesabia kwa sauti. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mwezi wa tatu nilifikia nguzo 20. Mwezi wa sita nilikwenda Barabara ya Mama Ngina, nikatembea nusu saa chini ya ile mibuyu mikubwa, upepo wa bahari ukinipiga usoni, kisha nikakaa na kunywa kahawa chungu kikombe kimoja. Siku ile nilijiona mtu tena.

Si mimi peke yangu niliyepata faida hiyo. Mwaka 1999 madaktari wa Kanada walichapisha habari za wagonjwa 12 wa Crohn ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia au ulikuwa mwepesi. Walitembea mara 3 kwa juma kwa majuma 12. Wagonjwa ni wachache, ni kweli. Lakini ugonjwa wao haukuzidi kwa kutembea, na maisha yao yalikuwa na raha zaidi. Wengine waliochunguza baadaye wameona hivyo hivyo: mazoezi mepesi, wakati ugonjwa umetulia, hayauamshi. Tena faida ya kutokaa ilijulikana zamani. Mwaka 1953 daktari mmoja wa London, Jeremy Morris, alilinganisha madereva wa mabasi na makondakta wao. Hali yao ya maisha ilikuwa karibu moja. Lakini dereva alikaa kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa. Madereva ndio waliozidi kushikwa na maradhi ya moyo. Nawaomba ndugu zetu wenye matatu walifikirie jambo hili.

Sasa niseme namna ya kufanya, kwa wale ambao wangependa kujaribu, baada ya kumwuliza daktari wao.

La kwanza ni kuchagua saa. Utumbo huamka mtu anapoamka, na huamka tena anapokula. Hilo ni umbile la kila mtu, bali kwetu sisi wagonjwa hupita kiasi. Basi mimi sitoki nyumbani mpaka haja za asubuhi zimekwisha, wala sitembei mara baada ya chakula. Nangoja kiasi cha saa moja na nusu. Na kwa joto letu la pwani, hutoka kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni.

La pili ni kuijua njia. Mwenye tumbo kama langu hatembei ovyo. Huwa na ramani ya vyoo kichwani. Mimi najua choo cha msikiti, najua cha kituo cha mafuta, na namjua mwenye mkahawa mmoja ambaye nilimweleza shida yangu faraghani, naye akaniambia, "Pita wakati wowote, mzee, usiulize." Tangu siku ile hofu ilipungua nusu, na hofu ilipopungua, na tumbo nalo likatulia zaidi. Mfukoni huweka karatasi, sabuni ndogo na nguo moja ya kubadili ndani ya mfuko. Zipo siku nyingi sizihitaji, ila kuwa nazo ndiko kunakonitoa nyumbani.

La tatu ni kipimo cha mwendo. Kipimo ni ulimi wako. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, huo ndio mwendo unaofaa. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekwenda mbio mno; punguza. Maana mtu anapokimbia kwa nguvu, damu huondoka matumboni ikaenda miguuni, na utumbo ulionyimwa damu hulalamika. Hata wakimbiaji hodari wasio na ugonjwa wowote hushikwa na tumbo katika mbio ndefu. Sisi tuwaachie vijana mbio hizo.

La nne ni kadiri. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, na mazoezi ya kutia nguvu misuli siku 2 au zaidi. Na wenye miaka 65 na kupita waongeze mazoezi ya kushika mizani ya mwili siku 3, wasianguke. Hesabu hiyo isiwatishe. Shirika hilo hilo lilisema kwamba kidogo ni bora kuliko hapana. Mimi nilianza na dakika 5. Dakika 10 asubuhi, 10 alasiri, na nyingine 10 jioni ni nusu saa. Siku 5 za namna hiyo ni 150.

La tano ni mazoezi ya nyumbani, kwa siku za mvua na siku ambazo tumbo halikuruhusu kwenda mbali. Nayafanya manne. Kaa juu ya kiti kigumu, inuka bila kushika, kisha kaa tena pole pole. Mara 5, na baadaye mara 10. Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, jisukume kama anayesukuma gari lililokwama, mara 10. Shika mgongo wa kiti, panda juu ya vidole vya miguu, ushuke taratibu. Hilo ni zuri kwa mifupa na kwa mizani. La nne nalisema kwa staha: kaza misuli ya njia ya haja kana kwamba unazuia upepo, hesabu mpaka 5, legeza; mara 10, tena bila mtu yeyote kujua unafanya nini. Zoezi hilo huwasaidia wasioweza kujizuia kwa muda, na akina mama waliozaa wanaweza kuwa wanalijua zamani. Mwisho mimi hulala chali, mkono juu ya kitovu, nikavuta pumzi mpaka mkono unyanyuke, nikaitoa polepole. Dakika tano za hivyo hunipa usingizi.

La sita ni maji na chakula. Mwenye kuendesha hupoteza maji na chumvi. Akitoka jasho juu ya hayo, ataanguka. Dawa ya kurudisha maji hupatikana katika zahanati. Ikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi hufaa. Pia, damu inayotoka utumboni huondoka na madini ya chuma, na mtu akachoka bila kujua sababu. Pimwa damu kabla ya kujilaumu kwamba u mvivu. Nasi tunaopenda chai tukumbuke kwamba chai pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Ni vyema ingoje kidogo.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni kwa makini zaidi yale ya kukatazwa, kwa maana dawa yoyote ikizidi ni sumu.

Ugonjwa ukiamka, mazoezi yasimame. Ukiwa na homa, ukienda haja yenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, moyo ukipiga mbio nawe umekaa, tumbo likivimba na kuuma sana, ukitapika, ukiona kizunguzungu usimamapo: usitembee kwenda popote ila hospitali, tena siku ile ile. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma penye shavu la mguu, usiukande wala usiutembeze. Huenda ni damu iliyoganda, na wenye maradhi yetu hupatwa nayo kuliko watu wengine. Aliyepasuliwa tumbo, au aliyewekewa mfuko wa haja ubavuni, asiinue gunia wala jiwe mpaka daktari aliyempasua amruhusu. Kutembea ataruhusiwa mapema, bali kunyanyua hapana. Na vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo wengi wetu humeza baada ya kazi ngumu, huweza kuutonesha utumbo; uliza kwanza.

Tena jambo moja kubwa: mazoezi hayachukui mahali pa dawa. Nilijidanganya hivyo mwaka 2017. Nilijiona mzima, nikaacha vidonge kwa sababu vilikuwa ghali, nikasema kutembea kwatosha. Baada ya miezi mitatu nilirudishwa hospitali kwa gari, na vidonge nilivyoviacha vilikuwa rahisi kuliko kitanda kile. Mwendo huujenga mwili unaobeba ugonjwa. Hauuzimi moto wenyewe. Vivyo hivyo kupimwa kwa mpira kusiachwe: mwenye kolitisi ya miaka minane au zaidi yafaa achunguzwe mara kwa mara, kama daktari atakavyopanga, kwa kuwa hatari ya saratani huongezeka kwa jinsi miaka inavyopita. Na mtu yeyote aonaye damu chooni, mwenye ugonjwa au asiye nao, aende akapimwe. Huenda ni bawasiri tu. Aende hata hivyo.

Bwana Mwenyekiti, sikusimama hapa kutoa mafundisho tu. Nina maombi matatu kwa Chama, nayo nimeyaandika kwa Bwana Katibu.

Ombi la kwanza ni juu ya ile sheria ya faini. Siombi ifutwe, bila sheria hiyo tungezikana na nani? Naomba iongezwe maneno: kwamba mwanachama mwenye maradhi anaweza kumweleza Mwenyekiti au mzee mmoja aliyechaguliwa, kwa siri, wala asilazimishwe kutaja ugonjwa wake mkutanoni, naye apewe kazi nyingine anayoiweza. Asiyeweza kuchimba aandike majina ya waliotoa rambirambi. Asiyeweza kubeba jeneza apokee wageni. Watu hawa hawakimbii kazi. Wanatafuta kazi ambayo hawatafedheheka ndani yake.

Ombi la pili ni dogo kwa masikio, kubwa kwa wenye haja. Tunapokodi basi la mazishi, safari ya Mombasa hadi Nairobi peke yake ni kiasi cha kilomita 480, na wengine huendelea mbali zaidi. Naomba dereva aagizwe kusimama kila baada ya saa mbili mahali penye choo, bila mtu kuomba. Kwa kuwa anayeomba ndiye anayechekwa. Mimi mwenyewe tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 hupanda treni mpaka Nairobi, kwa sababu moja tu, ambayo sasa mnaijua. Na mahali pa matanga, mwenye kukaribisha wageni aseme waziwazi choo kiko wapi, kama anavyosema chakula kiko wapi.

Ombi la tatu: kila Jumamosi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nitakuwa chini ya mbuyu wa kwanza, Barabara ya Mama Ngina. Yeyote atakaye kutembea na aje: mwenye tumbo, mwenye sukari, mwenye presha, mjane aliyechoka kukaa peke yake. Hapana kiingilio, hapana sare, hapana mashindano. Sheria ni moja, nayo ni kwamba anayekwenda pole pole kuliko wote ndiye atakayetangulia, na sisi wengine tutafuata mwendo wake.

Nilipokuwa Mwekahazina nilidhani kazi yangu ni kujua nani hakuja. Sasa naona ilinipasa pia kuuliza kwa nini hakuja. Ile faini ya tatu ya ndugu yetu nimeirudisha, kwa fedha yangu, mkononi mwa mkewe. Alikataa kwanza, kisha akaipokea, akasema ataitia katika mfuko wa wagonjwa wa Chama. Imo humo, na risiti imeandikwa.

Mungu atupe afya, na pale atakapoona vyema kutunyima, atupe ndugu wa kutembea nasi.

(Baada ya hotuba hii Mkutano uliagiza ombi la kwanza na la pili yaingizwe katika kanuni za Chama. Juu ya ombi la tatu, wazee walisema kwamba halihitaji kura.)